Nimebadilisha moduli ya ardhi pekee, mvua ya masika imehama. Nani ana maelezo?

#1 MpimaMvua

Habari wanajukwaa. Ninaendesha WRF, modeli ya kompyuta ya hali ya hewa, kwa kaskazini magharibi mwa Tanzania na nchi jirani, Ziwa Victoria likiwa katikati ya ramani, kwa miezi ya Machi hadi Mei. Nimefanya majaribio mawili yanayofanana kwa karibu kila kitu: data za ERA5 (kumbukumbu ya hali ya hewa iliyojengwa upya na kituo cha utabiri cha Ulaya) zinazoingia mipakani ni zilezile, ukubwa wa gridi, yaani miraba inayoigawa ramani, ni uleule, na moduli za mawingu na za mionzi sikuzigusa. Kilichobadilika ni moduli ya ardhi, yaani sehemu ya modeli inayokokotoa maji na joto kwenye udongo na uoto. Jaribio la kwanza lilitumia Noah, la pili likatumia Noah-MP kwa chaguo zake za kawaida.

Nilitarajia tofauti ndogo ya jotoridi karibu na uso wa ardhi. Nilichokipata ni kwamba mvua ya alasiri imepungua waziwazi katika nyanda za Shinyanga na Tabora, imeongezeka mashariki mwa ziwa kuelekea Mara na Kericho, na ile ya usiku juu ya ziwa lenyewe haikubadilika sana. Dai langu ni kwamba chanzo ni unyevu wa udongo peke yake: moduli moja inakausha udongo mapema kuliko nyingine, na mvua inafuata. Mwenye hoja tofauti aiweke hapa.

#2 Gridi_Mzee

Ndugu, neno "peke yake" litakuponza. Tuanze na hesabu. Kuvukiza milimita 1 ya maji kutoka mita moja ya mraba kunahitaji takribani megajuli 2.45, yaani wastani wa wati 28 kwa mita ya mraba ukiutandaza kwa saa 24. Kwa hiyo moduli mbili zikitofautiana milimita moja tu ya uvukizi kwa siku, wati hizo 28 ambazo hazikutumika kugeuza maji kuwa mvuke zinakwenda kupasha hewa moto. Tabaka la chini la hewa linakuwa refu zaidi, kavu zaidi, na lenye mtikisiko mwingi zaidi. Hilo linaweza kuleta mvua au kuizuia, kutegemea hewa iliyo juu yake.

Sasa, Noah na Noah-MP hazitofautiani kwa unyevu wa udongo tu. Noah inachanganya majani na udongo mtupu kuwa uso mmoja wenye jotoridi moja. Noah-MP, iliyochapishwa mwaka 2011, inaupa uoto jotoridi lake na ardhi iliyo chini yake jotoridi lingine, inahesabu mwanga unavyopenya kati ya majani, ina maji ya chini ya ardhi, na kila sehemu ina chaguo zaidi ya moja. Ukibadilisha kutoka moja kwenda nyingine umebadilisha mambo kumi kwa mkupuo, kisha unataka kulaumu moja.

#3 Udongo_Mweusi

Namuunga mkono mleta uzi kwa nusu. Unyevu ndio mlango ambao mengine yote yanapitia, lakini swali la kwanza ni udongo gani. Ramani ya udongo inayokuja na WRF inatokana na ile ya FAO, na kwa eneo letu inajumlisha mno. Mtu yeyote aliyepita Shinyanga wakati wa masika anazijua mbuga zile: udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka. Maji yamo ndani yake, lakini mmea hauwezi kuyanyonya yote, kwa sababu mfinyanzi unayashika kwa nguvu. Modeli inalieleza hilo kwa vigezo viwili, kiwango cha kunyauka (unyevu ambao chini yake mmea hunyauka) na kiwango cha shamba kushika maji (unyevu unaobaki udongoni maji ya ziada yakishachuja), na vigezo hivyo vinasomwa kwenye jedwali kwa jina la aina ya udongo. Ukikosea jina, umekosea akiba ya maji ya msimu mzima. Na tatizo linakuwa kubwa zaidi kwa kuwa Noah inaona udongo wa mita moja tu.

#4 Gridi_Mzee

Udongo_Mweusi, hapo pa mwisho si sahihi. Noah ina matabaka manne yenye unene wa sentimita 10, 30, 60 na 100, jumla mita 2. Hilo la mwisho ndilo lenye mita moja, na pengine ndilo ulilolikumbuka. Kinachotofautiana ni mizizi: kila aina ya uoto inapewa idadi ya matabaka ambayo mizizi yake inafika. Msitu unapewa yote manne, nyasi na mazao yanapewa matatu ya juu. Kwa hiyo kwa shamba la pamba la Shinyanga ni kweli kwamba maji yanayotumika ni ya mita moja ya juu, lakini kwa msitu sivyo.

#5 Udongo_Mweusi

Shamba la pamba ndilo nililokuwa nalizungumzia. Tuendelee.

#6 Nyuki_wa_Tabora

Mimi si mtu wa modeli, ni mtu wa misitu na mizinga, ila mmegusa mahali ninapopajua. Miombo haisubiri mvua. Mwezi wa Septemba na Oktoba, wakati ardhi ni kavu na vumbi linaruka, miti inachipua majani mapya, mengi yakiwa na rangi nyekundu kabla ya kugeuka kijani, na mvua inakuja wiki kadhaa baadaye. Majani hayo yanavukiza maji ambayo mti umeyahifadhi au umeyavuta chini sana. Naomba kuuliza: je, modeli yenu inalijua hilo? Kama inategemea unyevu wa udongo wa juu kuamua lini majani yatoke, basi miombo yake itakuwa imelala wakati ya kwetu imeamka.

#7 Gridi_Mzee

Swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia kwa wenye shahada. Jibu linategemea chaguo. Noah kwa kawaida inasoma kiasi cha uoto kwenye jedwali la wastani wa kila mwezi lililotokana na setilaiti, kwa hiyo inaweza kuona kijani cha Oktoba kwa kuwa setilaiti ilikiona, lakini itaonyesha kijani kilekile mwaka wa mvua na mwaka wa ukame. Noah-MP inaweza kutumia jedwali au kuotesha majani yenyewe kwa kufuata hewa ya ukaa na maji. Ukiwasha chaguo hilo la pili, hofu yako inaanza kuwa na maana, kwa sababu majani yatasubiri udongo ulowe.

Kuhusu mizizi, mwaka 1994 Nepstad na wenzake walionyesha mashariki mwa Amazon kwamba msitu unavuta maji kutoka kina cha zaidi ya mita 8 wakati wa kiangazi. Modeli yenye udongo wa mita 2 haina namna ya kuyafikia maji hayo. Kwa miombo sina budi kudhani kwamba kuna kitu cha namna hiyo.

#8 Kipima_Upepo

Nafanya kazi ya utabiri, na naona mnaelekea kusahau mshitakiwa mkuu. MpimaMvua hakutaja ukubwa wa gridi yake. Kama ni kilomita 25 au zaidi, mvua yake haitokani na mawingu ambayo modeli inayaona. Inatokana na moduli ya myuko inayokisia mawingu yaliyo madogo kuliko mraba wa gridi. Moduli hizo nyingi huwaka mapema mchana na hupenda ardhi yenye unyevu.

Mwaka 2009 Hohenegger na wenzake waliendesha modeli juu ya milima ya Alps kwa gridi ya kilomita 25 yenye moduli ya myuko, na kwa gridi ya kilomita 2.2 isiyoihitaji. Kwenye ya kwanza, udongo wenye maji uliongeza mvua. Kwenye ya pili, udongo mkavu ndio uliosaidia mvua. Alama ilibadilika kutoka jumlisha kuwa toa, na ardhi ni ileile! Kisha mwaka 2012 Taylor na wenzake wakatazama data za setilaiti duniani kote na kukuta kwamba mvua ya alasiri huelekea kuanguka juu ya udongo ulio mkavu kuliko majirani zake, jambo lililojitokeza sana Sahel. Kwa hiyo ukisema "moduli ya ardhi imehamisha mvua", huenda moduli ya ardhi ilitoa ishara tu, na moduli ya mawingu ndiyo iliyoitafsiri vibaya.

#9 BintiUkerewe

Shikamooni wakubwa. Mimi nimekulia kisiwani, na ninasoma kwa hamu. Mbona hakuna anayeuliza kuhusu ziwa? Ziwa Victoria lina takribani kilomita za mraba 68,800, nalo kwenye modeli ni sehemu ya "uso wa ardhi" kama msitu au shamba. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku wa giza wakiwa na taa zao, na wanajua kwamba hatari kubwa ya radi na upepo ni kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, kisha mchana ziwa linatulia na mawingu yanajengeka nchi kavu. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda bara; usiku unatoka bara pande zote na kukutana katikati juu ya maji yenye joto. Kama mvua ya usiku haikubadilika kwenye majaribio yote mawili, nadhani ni kwa sababu ziwa lilikuwa lilelile. Je, joto la maji lilitoka wapi?

#10 Kipima_Upepo

Marahaba. Binti ameuliza swali ambalo wataalamu huliruka. Kwa wasiojua: faili nyingi za joto la bahari hazina thamani kwa maziwa ya ndani. Programu ya kuandaa data, isipopata thamani, inaweza kuchukua ya sehemu ya maji iliyo karibu, na kwetu hiyo ni Bahari ya Hindi. Ziwa lililo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari linapewa joto la pwani ya Mombasa, na usiku mawingu yanalipuka juu yake kama chungu kilichosahauliwa jikoni.

Dawa inayotolewa na WRF ni kutumia wastani wa joto la hewa la siku kadhaa badala ya joto la bahari. Dawa hiyo nayo ina lake, kwa sababu maji ya Victoria kwa kawaida yana joto kuliko wastani wa hewa iliyo juu yake. Ziwa linapoa kupita kiasi na mvua ya usiku inadhoofika.

#11 MpimaMvua

Ahsanteni wote. Najibu kwa mpangilio. Gridi ya nje ni kilomita 27 na ya ndani ni kilomita 9, na moduli ya myuko imewashwa kote. Ziwa nilitumia wastani wa joto la hewa, sikuwasha moduli ya ziwa. Unyevu wa udongo wa kuanzia ulitoka ERA5 moja kwa moja, tarehe 1 Machi, kwa majaribio yote mawili. Uoto ni ramani ya MODIS, iliyotokana na setilaiti.

BintiUkerewe, hoja yako naikubali kwa mvua ya usiku, lakini haielezi kwa nini Mara na Kericho zimepata zaidi. Huko ni nchi kavu.

#12 BintiUkerewe

Ni nchi kavu, lakini upepo wa ziwa wa alasiri unafika wapi? Nguvu yake inatokana na tofauti ya joto kati ya maji na bara. Jaribio lako la pili likiwa limeifanya bara iwe na joto zaidi, tofauti imeongezeka, upepo wa ziwa unapanda kwa nguvu zaidi kwenye vilima vya mashariki, na hapo unakutana na upepo wa mashariki unaotoka baharini. Ziwa halikubadilika, ila bara ilibadilika ikalifanya ziwa livute zaidi. Kwa Tabora, iliyo mbali na maji, joto lile lile linakausha tu.

#13 Gridi_Mzee

Hii ni hoja nzito, na inaweza kupimwa: tazama upepo wa mita 10 saa tisa alasiri kando ya pwani ya mashariki ya ziwa katika majaribio yote mawili. Nitaongeza jambo moja. Moduli hizi pia hutofautiana katika kukokotoa jinsi joto linavyotoka kwenye uso kwenda hewani. Kuna kigezo kidogo katika Noah kinachoamua ulaini wa uso kwa upande wa joto, tofauti na ulaini kwa upande wa upepo. Ukikibadilisha, ardhi iliyo kavu na yenye jua kali inaweza kubaki na joto lake usoni au kulimwaga hewani. Watu hutumia miezi wakibishana kuhusu udongo, kumbe tofauti imejificha kwenye namba hiyo moja.

#14 Udongo_Mweusi

MpimaMvua, umeandika kwamba unyevu wa kuanzia ulitoka ERA5 "moja kwa moja". Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. ERA5 inatumia moduli yake ya ardhi iitwayo HTESSEL, yenye matabaka ya sentimita 7, 21, 72 na 189, na viwango vyake vya kunyauka na vya shamba vinatokana na aina chache za udongo zisizolingana na jedwali la Noah. Unyevu wa asilimia 25 katika HTESSEL unaweza kumaanisha mmea una maji ya kutosha, na asilimia 25 hiyohiyo katika udongo wa mfinyanzi wa Noah inaweza kumaanisha mmea uko karibu kunyauka. Namba imehamishwa, maana yake imebaki nyuma.

Njia ya uangalifu ni kuuhamisha unyevu kama sehemu ya akiba kati ya viwango hivyo viwili, au kuendesha moduli ya ardhi peke yake, nje ya WRF, kwa miaka kadhaa hadi matabaka ya chini yatulie. Tabaka la juu hutulia kwa siku chache. La chini linaweza kuhitaji misimu. Ukianza tarehe 1 Machi na kusoma matokeo ya Aprili, unachokiona ni mabaki ya tarehe ya kuanzia kuliko tabia ya moduli.

#15 Mkulima_Same

Kwa hiyo mvua isiponyesha Same kama ilivyotangazwa, nimlaumu mfinyanzi wa Shinyanga? Natania. Lakini nina swali la kweli. Huku tunaambiwa kila siku kwamba theluji ya Kilimanjaro inaisha kwa sababu tumekata miti kwenye miteremko. Hizo modeli zenu zinasemaje? Miti ikikatwa, mvua inapungua au haipungui?

#16 Gridi_Mzee

Mkulima, hilo limejaribiwa hasa. Mölg na wenzake walichapisha mwaka 2012 jaribio walilofanya kwa modeli yenye gridi ndogo sana juu ya mlima, wakibadilisha uoto kutoka hali ya miaka ya 1970 kwenda ya karibuni na kukokotoa barafu. Walikuta kwamba ukataji wa misitu unabadilisha mvua kwa kiasi mlimani, ila mchango wake katika kupotea kwa barafu ni mdogo. Sababu kubwa wanaiona katika mabadiliko ya hali ya hewa ya eneo pana, hasa ukavu wa hewa ya juu. Hiyo haifanyi ukataji uwe mzuri, kwa kuwa vyanzo vya maji chini ya mlima ni suala jingine.

Kwa upana zaidi, mjadala huu ni wa zamani. Mwaka 1975 Charney alipandisha uakisi wa ardhi ya Sahel katika modeli kutoka asilimia 14 hadi 35, na mvua ikapungua kwa takribani asilimia 40. Ilionekana kwamba mifugo na ukataji vilitosha kueleza ukame. Miaka mingi baadaye, mwaka 2003, Giannini, Saravanan na Chang walionyesha kwamba joto la bahari likiwekwa kama lilivyopimwa, modeli inazalisha sehemu kubwa ya ukame huo, huku ardhi ikiongeza ukali wake. Tangu hapo hakuna mtu makini anayesema ardhi pekee au bahari pekee.

#17 Mkulima_Same

Nimekuelewa, ahsante. Nitawaambia wazee wa huku, ingawa hawatakubali.

#18 Kericho_Chai

Naingia kutoka upande wa Kenya. Nimeona Kericho ikitajwa mara mbili. MpimaMvua, ulisema unatumia ramani ya MODIS. Kagua kwanza mraba wa Kericho umepewa uoto gani. Mashamba ya chai ni ya kijani mwaka mzima, yanakatwa kimo cha kiuno, na kwenye ramani nyingi yanaangukia "mazao" au "msitu" kwa kubahatisha. Likiwa msitu, uso unakuwa mkwaruzo zaidi na mizizi inakwenda chini. Likiwa mazao, kinyume chake. Ramani ya zamani ya USGS, iliyotengenezwa kwa picha za setilaiti za kuanzia Aprili 1992 hadi Machi 1993, ilikuwa mbaya zaidi, na nimewahi kuona watu wakiitumia kwa miaka ya karibuni kana kwamba msitu wa Mau haujaguswa tangu wakati huo.

#19 Mto_Ruzizi

Salamu kutoka Bujumbura. Mnalalamikia Victoria, lakini angalau Victoria linaonekana. Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 600 na upana wa wastani wa kilomita 50 hivi. Modeli nyingi za CORDEX, mradi wa modeli za tabianchi za kanda, kwa Afrika ziliendeshwa kwa gridi ya takribani kilomita 50, kwa hiyo ziwa letu linakuwa mstari wa miraba michache iliyokatika, au linamezwa na milima. Na hata mtu akiwasha moduli ya ziwa ya WRF bila kuipa ramani ya kina, inachukua kina cha mita 50 kila mahali. Victoria lenye wastani wa mita 40 halidhuriki sana. Tanganyika lina kina kinachofika takribani mita 1,470!

#20 BintiUkerewe

Mto_Ruzizi, pole. Kwa upande wetu Thiery na wenzake walifanya kazi iliyochapishwa mwaka 2015 kwa modeli ya COSMO-CLM yenye gridi ya kilomita 7 hivi, wakaiunganisha na moduli ya ziwa iitwayo FLake, kisha wakaendesha jaribio jingine ambalo maziwa yote makuu yameondolewa na kuwekwa ardhi. Maziwa yalikuwa yakipoza hewa ya karibu na uso kwa wastani, na yalikaribia kuongeza maradufu mvua juu ya maji yenyewe. Nalitaja ili MpimaMvua aone kwamba kuna njia ya kuliuliza ziwa swali moja kwa moja.

#21 Kipima_Upepo

Ngoja niwaudhi watu wa udongo. Modeli ya CP4-Africa ya idara ya hali ya hewa ya Uingereza, iliyoendeshwa kwa Afrika nzima kwa gridi ya kilomita 4.5 bila moduli ya kawaida ya myuko, iliweka udongo wa mchanga kila mahali barani. Mchanga, kutoka Sahara hadi mbuga za Shinyanga. Na pamoja na hayo, mvua yake kwa saa za siku na ukali wake ni bora kuliko modeli dada yenye gridi kubwa. Kwangu hilo linaonyesha kwamba ukipata mawingu sawasawa, udongo unavumilika.

#22 Udongo_Mweusi

Umefaulu kuniudhi. Waliuweka mchanga mmoja kwa sababu ramani za udongo zilikuwa na mistari ya ghafla isiyo ya kweli, na mistari hiyo ingezaa mipaka bandia ya unyevu ambayo modeli ya kilomita 4.5 ingeigeuza kuwa mawingu. Yaani walikiri kwamba udongo una nguvu kiasi cha kuharibu mvua, wakaona heri wote uwe wa aina moja. Hoja yako inanisaidia mimi.

#23 Kipima_Upepo

Inasaidia pande zote mbili, ndiyo maana nimeileta. Lakini modeli hiyo dada ilikuwa na mchanga uleule, kwa hiyo tofauti kati ya mbili hizo haitoki kwenye udongo.

#24 Gridi_Mzee

Kabla hamjashikana, kumbukeni jaribio la GLACE, lililochapishwa mwaka 2004 na Koster na wenzake. Modeli 12 za dunia ziliulizwa swali moja: mvua inategemea unyevu wa udongo kwa kiasi gani? Kwa wastani zilionyesha maeneo yenye nguvu, yakiwemo nyanda za kati za Marekani, Sahel, Afrika ya ikweta na India. Watu hunukuu ramani hiyo ya wastani, lakini modeli moja moja zilitofautiana vibaya sana. Zipo zilizokaribia kusema udongo hauna kazi. Vivyo hivyo mwaka 2009 Pitman na wenzake, kwa modeli 7 zilizopewa mabadiliko yaleyale ya uoto, hawakupata jibu moja hata kwa jotoridi.

Na athari si lazima iwe pale ulipo udongo. Kwa mafuriko ya Mississippi ya Julai 1993, kituo cha utabiri cha Ulaya kilikuta kwamba moduli mpya ya ardhi iliboresha utabiri wa mvua, lakini Beljaars na wenzake walieleza kwamba kilichofanya kazi kilikuwa uvukizi wa upande ambako hewa ilitoka, siku moja hivi kabla: ardhi kavu huko inatengeneza kifuniko cha hewa ya moto kinachosafiri na kuzuia mawingu mbele. Kwa hiyo mvua iliyopungua Tabora inaweza kuwa na chanzo Singida au Dodoma. Fuata upepo kwenda nyuma kabla ya kumhukumu mfinyanzi.

#25 MpimaMvua

Nimerudi na matokeo. Kwanza niliuhamisha unyevu wa kuanzia kwa njia ya Udongo_Mweusi, kama sehemu ya akiba. Tofauti ya mvua kwa Shinyanga na Tabora imepungua sana, ingawa haijaisha. Tofauti ya Mara na Kericho imebaki karibu vilevile. Pili, nimetazama upepo wa saa tisa alasiri pwani ya mashariki: katika Noah-MP upepo wa ziwa una nguvu zaidi na unafika mbali zaidi bara. Mraba wa Kericho ulikuwa "mazao" katika yote mawili. Gridi ndogo isiyo na moduli ya myuko bado sijaiendesha, kwa sababu kompyuta ninayoruhusiwa kutumia haitamaliza kabla ya mwisho wa muhula.

#26 Udongo_Mweusi

Kusini, Shinyanga na Tabora, ni udongo. Nimeridhika.

#27 BintiUkerewe

Na mashariki ni ziwa likisaidiwa na bara.

#28 Kipima_Upepo

Hamjathibitisha lolote kati ya hayo hadi moduli ya myuko izimwe. Upepo wa ziwa wenye nguvu zaidi unaweza kuwa tokeo la mvua, si chanzo: mvua ikianza mapema vilimani, hewa inapanda huko, na upepo unavutwa kutoka chini. Tazama saa, si wastani wa mwezi. Upepo ukiimarika kabla ya mvua, BintiUkerewe ana haki. Ukiimarika baada yake, nina haki mimi.

#29 Nyuki_wa_Tabora

Na majani? Mwezi wa Aprili miombo ina majani tele, kwa hiyo masika haitawaonyesha kosa ninalolisema. Mkitaka kuliona, endesheni Septemba hadi Novemba.

#30 Kericho_Chai

Naongeza ugumu: mtalinganisha na nini? Vituo vya mvua kati ya Tarime na Kericho vipo, lakini vipimo vya uvukizi na vya joto linalopanda hewani ni vichache mno katika ukanda wetu. Modeli inaweza kupata mvua sahihi kwa kugawanya nishati vibaya. Ningependekeza muanze na joto la uso wa ardhi kutoka setilaiti, mchana na usiku, katika siku zisizo na mawingu. Moduli inayomwaga joto vibaya itajitokeza hapo hata kabla ya mvua kuulizwa.

#31 MpimaMvua

Nitaanza na saa za upepo, kisha joto la uso, kisha Septemba hadi Novemba kwa ajili ya miombo. Gridi_Mzee, kile kigezo cha ulaini wa joto kinabadilishwa kwenye jedwali gani?

#32 Gridi_Mzee

Jedwali la vigezo vya jumla, lililo kwenye folda ileile unakoendeshea modeli. Tengeneza nakala ya faili la asili kabla ya kuligusa. Na ukikibadilisha, kibadilishe hicho tu.